Mjukuu wangu asibaki kwenye "Mengineyo"

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Katibu Tawala wa Mkoa, wakurugenzi wa halmashauri zetu 11, waheshimiwa madiwani, na kila mwenye kiti kwenye kamati ya watu wenye ulemavu, kuanzia mtaani hadi mkoani.

Waheshimiwa,

Kwa umri wangu wengi wenu mngeniamkia, lakini kwa vyeo vyenu naanza mimi: shikamooni. Naandika kuhusu usonji, yaani autism kwa Kiingereza, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake. Mjukuu wangu anao.

Mimi ni karani mstaafu. Kwa miaka mingi niliandika mihtasari ya vikao katika kata moja ya mkoa huu. Sitaitaja, kwa sababu yaliyotokea pale yangeweza kutokea kata yoyote, na mwandishi wake nilikuwa mimi. Nimeandika vikao vya maji, vya madawati, vya kipindupindu na vya maandalizi ya Mwenge. Kwa hiyo najua kikao kinavyozaliwa, na kinavyokufa pia najua.

Kikao kina mwili wake. Kuna kufungua, kuna kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, kuna Yatokanayo, yaani kuulizana yaliyoagizwa kikao kilichopita yamefika wapi, kuna ajenda za siku, kuna Mengineyo, halafu kuna soda. Mengineyo huanza saa saba mchana, mwenyekiti akiwa ameshatazama saa mara tatu na wajumbe wawili wameshatoka kuswali adhuhuri. Jambo likiangukia hapo, karani huandika "Wajumbe walishauri suala hili lifuatiliwe", anapiga mstari, anafunga daftari. Nani alifuatilie? Hadi lini? Hakuna. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba mkono unaijua bila mimi.

Katika miaka yote ile neno usonji sikuliandika hata mara moja. Tulikuwa na fomu ya kuorodhesha watu wenye ulemavu, ina safu za viungo, wasioona, viziwi, ualbino, akili, na pembeni kabisa safu nyembamba: "nyingine, taja". Siku moja alikuja mama na mtoto wa kama miaka mitano. Mtoto hakunitazama usoni. Alikuwa anakung'uta mikono kama mtu aliyetoka kunawa akakosa taulo, akizunguka meza yangu upande uleule mmoja. Nikamuuliza mama, anaongea? Akasema hapana. Nikaandika "bubu". Sikuwa na ubaya moyoni. Nilikuwa na foleni hadi nje. Leo mjukuu wangu anakung'uta mikono vilevile, na kila akifanya hivyo namkumbuka mtoto yule na kalamu yangu.

Mjukuu wangu ana miaka 11. Haongei, ila ana mlio wake, kama nyuki ndani ya chupa, na ukikaa naye utajua upi wa njaa na upi wa raha. Bibi yake humwita "bwana'ngu", desturi yetu ya pwani, naye haitikii. Lakini bibi akienda sokoni, kijana huchukua kandambili za bibi, akazikalia mlangoni mpaka arudi. Alipokaribia miaka miwili alikuwa na maneno matatu. Yakapotea moja baada ya jingine. Tukafanya yote yanayofanywa mtaani kwetu Ngamiani. Tulimnywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. Tulimpeleka kwa mganga aliyetuambia kachezewa na jirani, tukanuniana na jirani miaka miwili kwa maneno ya mtu aliyekula kuku wetu. Neno usonji tulilisikia kijana akiwa na miaka sita, kwa daktari kijana aliyekuwa ameshika zamu ya mwenzake. Dakika kumi tu alikaa naye sakafuni, akatuambia.

Mnajua Tanga ni mji wa baiskeli. Karibu na kwetu kuna fundi, kijiwe chake kiko chini ya mwarobaini. Akiipindua baiskeli magurudumu juu, mjukuu wangu huchuchumaa mbele yake, akazungusha gurudumu, akalitazama. Mwanzoni fundi alimwachia kwa huruma tu. Siku moja kijana akalisimamisha gurudumu linalozunguka, akaweka kidole mahali kwenye ringi. Fundi akapuuza. Akalizungusha tena, akalisimamisha, kidole palepale. Ringi ilikuwa imepinda kidogo sana, fundi mwenyewe hajaona. Tangu hapo baiskeli haitoki pale bila kukaguliwa na "injinia". Sisemi mtoto ana kipaji cha miujiza, kama watu wanavyopenda kusikia. Wengi wenye usonji hawana miujiza yoyote, kama sisi wengine tusivyo nayo. Nasema kwamba fundi yule ndiye mtu pekee nje ya nyumba yetu aliyewahi kumpangia kijana huyu jambo la kufanya kila siku.

Na baiskeli hizohizo nusura zimuue. Mwaka juzi alitoka mlango ukiwa wazi, akaenda na barabara hadi eneo la maduka. Akakuta baiskeli imeegeshwa. Akaipindua, akaanza kuzungusha gurudumu. Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Mnajua neno hilo linavyokimbia katika mji. Nilipofika, shati lilikuwa limechanika hadi kiunoni, amelala chini ameziba masikio, na mama muuza mihogo amesimama juu yake na mwiko mkononi akiwaambia watu wamguse waone. Mungu ampe mama yule kila la heri. Tukapelekwa kituoni. Askari akamuuliza mtoto jina lake. Kimya. Akauliza tena kwa sauti zaidi. Mara ya tano alikuwa anafoka, na kila alipopandisha sauti mtoto alizidi kujikunja chini ya benchi. Simlaumu askari. Hakuna aliyewahi kumweleza. Na mimi, niliyekuwa na wajibu wa kuandika, niliandika "bubu".

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu tena.

Nyumbani nina bahasha ya kaki. Ndani kuna kadi ya kliniki, barua ya daktari, barua ya kuomba shule, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti na nakala za nakala. Hospitali iliandika kwamba mtoto apelekwe shule yenye kitengo maalumu. Shule ikasema leteni upimaji wa elimu maalumu. Kwenye upimaji wakataka barua ya ustawi wa jamii. Ustawi wakaomba barua ya hospitali. Nikaitoa kwa furaha, kama mtu mwenye kadi ya turufu. Wakasema hii imepita mwaka, kalete mpya. Ofisi tatu kati ya hizo ziko uwanja mmoja. Wafanyakazi wake wanakunywa chai kwa mama ntilie mmoja. Nimewaona, wanacheka pamoja. Lakini karatasi ya mjukuu wangu haiwezi kuvuka uwanja ule bila kupanda bajaji pamoja nami. Mratibu wa huduma za mtoto huyu ni mimi, mzee mwenye goti bovu, na vitendea kazi vyangu ni bahasha na nauli.

Shule hatimaye ilimpokea. Mwalimu wa elimu maalumu alikuwa mmoja, na darasani mwake kulikuwa na watoto wasioona, wasiosikia na wenye ulemavu wa akili, wote kwake. Ni mwalimu hodari. Alisomea chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi kule Arusha, na aliniambia ukweli: mtoto wako anahitaji mtu wa kukaa naye, mimi nina macho mawili. Kijana akarudi chini ya mwarobaini. Kule Irente, Lushoto, ipo shule inayopokea watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, nasi tuliifikiria. Lakini kumpeleka mtoto asiyeweza kusema "naumwa" mbali namna ile, juu ya milima ya Usambara, bibi yake alisema atakwenda naye na kandambili zake.

Mtaniuliza, sasa karani, unataka tuunde kamati? Hapana, waheshimiwa. Kamati zipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, iliunda Baraza la Taifa la Ushauri kwa Watu Wenye Ulemavu, kisha ikateremsha kamati hadi mkoani, kwenye halmashauri, na kijijini au mtaani. Mwaka mmoja kabla yake, 2009, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 33 inazungumzia jambo hilihili la kuwa na mahali serikalini pa kuunganisha kazi za idara mbalimbali. Kwenye karatasi tumekamilika. Ninachouliza ni cha kikarani: daftari liko wapi? Kikao cha mwisho kilikaa lini, akidi ilitimia, na katika muhtasari wake neno usonji limo ukurasa gani?

Kuratibu huku ni rahisi kwenu kuliko kwa mtu yeyote nchini. Dodoma wakitaka kuunganisha afya na elimu, hizo ni wizara mbili, makatibu wakuu wawili na barua za kumbukumbu namba. Kwenye halmashauri, mganga mkuu, afisa elimu na afisa ustawi wa jamii wako chini ya mkurugenzi mmoja. Akiwaita saa nne, saa nne na robo wameketi. Hatuhitaji daraja jipya. Watu wenyewe wako ng'ambo moja ya mto.

Karani hawezi kusikia kuna kamati mahali akapita bila kuchungulia, kwa hiyo nilisoma habari za wenzetu. Marekani wana kamati ya serikali kuu ya kuratibu mambo ya usonji, iliyotokana na sheria ya mwaka 2000 na kupewa sura mpya mwaka 2006. Humo wanakaa watu wa taasisi za serikali pamoja na watu wa nje ya serikali. Sheria ya 2006 inaitaka ikutane si chini ya mara mbili kwa mwaka, milango ikiwa wazi kwa wananchi, na iwe na mpango mkakati wa kuhuishwa kila mwaka. Kilichonifurahisha zaidi ni viti. Mwaka 2006 sheria ilidai awemo angalau mtu mmoja mwenye usonji mwenyewe, na mzazi au mlezi mmoja. Mwaka 2014 ikawa wawili wawili. Mwaka 2019 ikawa watatu watatu. Namba hizo hazikupanda kwa ukarimu. Watu walibisha hodi. Na wasitudanganye kwamba kule mambo ni shwari. Kamati yao ni ya kushauri, haina fungu la kugawa, na watu wenye usonji wamelalamika muda mrefu kwamba fedha nyingi za utafiti zinakwenda kwenye biolojia na chache kwenye huduma na maisha ya mtu mzima. Lakini malalamiko hayo yanajulikana kwa sababu kuna mahali yanaposemwa na mtu anayeyaandika.

Hicho ndicho nakitaka Tanga: mahali pa kusemea na mtu wa kuandika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu zaidi ya milioni 2.6 katika mkoa huu. Gawanyeni. Ni hesabu ya karani, si ya mtafiti, na wastani wa dunia si lazima uwe wetu. Lakini mimi napata zaidi ya watu 20,000, kuanzia Mkinga hadi Kilindi. Wako wapi? Wengine wamo kwenye safu ya "bubu". Wengine kwenye safu ya akili. Wengine wamefungiwa vyumba vya uani wageni wanapokuja, na wengine ni watu wazima wenye kazi zao ambao maisha yao yote wameitwa wakorofi au wenye kiburi.

Naomba kiti. Kiti cha mzazi, na asitoke mjini peke yake, maana mama wa Handeni ana shida ambazo mimi wa Ngamiani sizijui. Na kiti cha mtu mzima mwenye usonji. Msiniambie hawezi kuzungumza kikaoni. Wapo wanaozungumza vizuri kuliko madiwani fulani (mtanisamehe), wapo wanaoandika, wapo wanaoonesha picha. Na akihitaji kutoka nje kidogo wakati wa kelele, nimeshuhudia wajumbe wengi wakitoka nje kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Naomba pia polisi waitwe kwenye kamati hiyo, wale wa Dawati la Jinsia na Watoto wakiwa wa kwanza. Sababu nimeshaisimulia.

Jambo jingine linahusu chanjo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu halina gharama. Watoto wetu wanachomwa chanjo ya surua na rubela wakiwa na miezi 9, halafu wanarudi miezi 18. Miezi 18 ndiyo wakati ambao dalili za usonji huanza kuonekana kwa mwenye kujua: mtoto haitiki jina lake, haoneshi kitu kwa kidole, haigi, maneno hayaji au yanarudi nyuma. Mama anakuja mwenyewe kliniki, kadi mkononi. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa, anaondoka. Hakuna anayemuuliza, "Anaonesha kwa kidole akitaka kitu?" Maswali manne ya Kiswahili rahisi, yakibandikwa ukutani juu ya mzani, yangetuokolea sisi miaka minne, jirani mmoja na kuku.

Na kwa sababu dalili na chanjo hukutana wakati mmoja, wapo wazazi wanaoamini sindano ndiyo iliyoleta. Bibi yake aliamini hivyo kwa muda. Dai hilo lilivuma kutokana na makala ya daktari mmoja wa Uingereza ya mwaka 1998, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Chanjo haileti usonji. Lakini mama wa Pongwe hasomi majarida hayo, anamsikiliza nesi. Nesi asipoambiwa la kusema, mama atasikiliza mtaa, na mtoto wa pili hatapelekwa kliniki, na surua haina mzaha.

Mtasema hakuna fungu. Nimeshaandika mara nyingi mihtasari yenye maneno "kulingana na upatikanaji wa fedha", nayajua maana yake. Lakini hesabuni. Watumishi wana mishahara tayari, ukumbi upo, kalamu zipo. Nauli ya wazazi wawili kutoka wilayani haizidi bei ya kreti za soda zinazonyweka kikao kimoja. Halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, na hilo ni jema; ila mjukuu wangu hawezi kukopa. Anachohitaji ni karatasi moja inayofunguliwa hospitali, ikasomwa shuleni, ikaaminika ustawi na polisi, na isiyoitwa ya zamani kila mwaka, kwa kuwa usonji hauishi muda wake kama leseni ya biashara.

Kuna swali ambalo bibi yake huniuliza usiku, nami najigeuza ukutani. Sisi tukifa, nani atajua mlio wa njaa na wa raha? Miaka saba ijayo kijana atatimiza 18, atakuwa na ndevu, na mtu atakayemkuta ameshika baiskeli yake hatamwona mtoto. Sijaona karatasi yoyote inayomtaja akiwa mtu mzima. Kamati ikikaa, naomba ianzie hapo, kwa watu wazima, maana kwa watoto angalau watu hulainika.

Na naomba mwisho, kwa heshima ya kazi niliyoifanya: usonji usiwekwe Mengineyo. Uwekwe ajenda mara moja tu, liandikwe jina la afisa na tarehe, ili kikao kinachofuata urudi kwenye Yatokanayo. Pale hakuna pa kujificha. Mwenyekiti atasoma, "Afisa fulani alitakiwa kubandika maswali manne kliniki zote ifikapo mwisho wa mwezi," na afisa fulani atakuwa amekaa pale pale, watu wakimtazama. Nimeona barabara zikichongwa kwa sababu ya Yatokanayo.

Mkikiitisha kikao hicho, kisiwe Ijumaa. Nitakuja, na mjukuu wangu nitakuja naye, kwa sababu sina wa kumwachia. Tutakaa karibu na mlango. Naomba kipaza sauti kijaribiwe kabla hatujaingia, kile kilio chake cha mwanzo kinamtesa. Kikilia kwa bahati mbaya, tutatoka nje kidogo, halafu tutarudi.

Wenu katika ujenzi wa mkoa,

Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga